Milango ya Rangi ya Meli

Walimwita Chembe, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mpelelezi mmoja mnene, siku alipoleta maabara koti la mtu aliyegongwa na gari, akaapa kwamba hakuna kitu humo kwa kuwa amelikung'uta mwenyewe mara tatu. Binti wa maabara alilipokea, akabandika utepe wa gundi begani mwa koti, akaubandua, akaingia nao ndani. Baada ya saa mbili alitoka akamtajia mpelelezi rangi ya gari, akamwambia gari hilo limewahi kupakwa upya, na tena aliyelipaka upya ni mvivu wa kupiga msasa. Mpelelezi akavua kofia. "Wewe si mtu," akasema. "Wewe ni mama wa chembe." Jina likamganda, na hata kwenye orodha ya zamu likaandikwa hivyo hivyo.

Wakati huo mashine ya maabara ilikuwa mpya. Walioiingiza ndani walikuwa wanaume kumi na wanane, na wengine wao mpaka leo hawajanyoosha mgongo. Ilipewa chumba chake peke yake chenye kiyoyozi, ilhali mkuu wa maabara mwenyewe alijipepea kwa faili. Wafagiaji walipofika mlango ule walinyata, maana waliambiwa kishindo cha miguu kinaitetemesha picha. Mmoja wao akaanza kufagia peku, na nyumbani kwake wakadhani ameota dini mpya.

Iliitwa hadubini ya elektroni, na kazi yake haikuwa uchawi hata kidogo. Unachukua chembe, ndogo kiasi kwamba ukipumua tu imehama wilaya. Unaibandika juu ya kibati cha alumini kilicho sawa na kifungo cha shati, unaipaka utando wa kaboni, unaifungia kwenye tumbo la mashine. Mashine inanyonya hewa yote mpaka humo ndani hata jini hawezi kuvuta pumzi. Kisha mwale wa elektroni unashuka kutoka juu na kuipapasa chembe mstari kwa mstari, kama bibi asiyeona anavyopapasa uso wa mjukuu aliyetoka safari. Kwenye kioo unaona vumbi limegeuka mlima, lina mabonde na mapango, na mahali penye madini mazito panang'aa kuliko penye mepesi.

Lakini utamu uko mbele. Kila kitu kikipigwa na mwale ule hujibu kwa eksirei yake. Zinki hajibu kama chuma, na chuma hajibu kama risasi. Ni kama majirani, unamjua kila mmoja kwa anavyobisha hodi kabla hujafungua mlango. Majibu hayo huchorwa kama meno ya kitana kilichovunjika, mengine marefu, mengine mafupi. Chembe aliyasoma meno hayo kama wengine wanavyosoma tangazo la msiba: mara moja, na bila kukosea jina.

Baba yake alikuwa mpaka rangi, na mtaa waliokulia aliupaka wote yeye. Nyumba ziliungana ukuta kwa ukuta, kila moja na mlango wa mbao unaotazama barabara, na mwenye nyumba zote alikuwa mtu mmoja aliyependa kununua rangi kwa pipa. Mtaa mzima ukavaa sare. Kwanza ulikuwa wa buluu. Miaka ikapita, ukawa wa maziwa. Ikapita mingine, ukawa wa kijani. Milango ilifanana hata mlevi mmoja aliingia nyumba ya watu, akalala, akaamka, akagomba kwamba chai haina tangawizi, na mama wa nyumba ile akaongeza tangawizi kabla hajatambua kwamba huyo siye mumewe.

Sifa ya milango ile haikuwa rangi ya juu. Ilikuwa ile ya chini kabisa, ya kijivu, ambayo fundi aliipaka kwanza kwenye mbao tupu. Hiyo, watu waliambiwa, ni rangi ya meli. Ndiyo inayopakwa matumbo ya meli za vita, na fundi alipewa siri yake na baharia aliyemwokoa asizame. Kwa rangi ile mlango haukuvimba kwa mvua wala kupasuka kwa jua. Mbu akitua juu yake aliteleza. Wenye milango waliwashika wageni mkono, wakawapeleka kuugusa: "Gusa hapo, shemeji. Meli hiyo."

Chembe peke yake, katika watoto wote wa mtaa, ndiye aliyejua ile meli inajengwa wapi. Ilijengwa nyuma ya jiko la kwao. Akiwa na miaka tisa alikaa hapo chini na jiwe, akizipasua betri za redio zilizokufa, moja baada ya moja. Alibandua ganda la zinki, akachomoa kijiti cha mkaa cha katikati, akausaga ule unga mweusi mpaka ulainike, akauchekecha kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Baba aliuchanganya na chokaa, rangi nyeupe kidogo, na mafuta, akakoroga huku akihesabu kimoyomoyo. Mama alikuwa akipita na ndoo, anawatazama, anabana kicheko.

"Hii ni siri ya kazi," baba alimwambia. "Ikitoka nje ya ua huu, tutapaka hewa."

Haikutoka. Mama alifariki, binti akasoma, mtaa ukachakaa, fundi akazeeka akaja kukaa kwa binti yake na makopo yake mawili ya brashi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Siri ikakaa na wao wawili, kimya, kama mgeni wa tatu mezani.

Ndipo ghala la dawa likavunjwa, lililokuwa katika nyumba ya mwisho ya mtaa ule ule wa zamani. Mlango ulifunguliwa kwa nguvu ya chuma, dawa zikabebwa. Polisi walimkamata mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kununua nyumba zinazobomolewa na kuuza milango, fremu na mabati yake. Watu walimwita Mvunja. Alikutwa hatua chache kutoka ghalani akiwa na mtaimbo, na ncha ya mtaimbo ilikuwa na doa la rangi. Alisema alitoka kung'oa milango ya nyumba zinazobomolewa hapo juu. Wakamwambia kila mwizi ana hadithi. Mtaimbo wake ulipoletwa maabara, mwenyewe alikuwa ameshakaa mahabusu miezi mitano, na mkewe alikuwa amejifungua bila yeye kuwepo.

Chembe alilibandua lile doa kwa ncha ya sindano. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele iliyokatwa mara nne. Akalizamisha katika gundi ngumu inayoganda kama kioo, akalikata wima, akalisugua mpaka likang'aa, akaliingiza kwenye mashine. Tabaka nne zikajipanga mbele yake kama mikate iliyorundikwa: kijani, maziwa, buluu, na chini kabisa kijivu. Akaingiza kipande kutoka mlango wa ghala. Kijani, maziwa, buluu, kijivu.

Akaelekeza mwale kwenye kijivu, na meno ya kitana yakaota. Manganizi, refu. Zinki. Klorini kidogo. Na katikati ya tabaka, punje zenye ncha ncha, za ukubwa mbalimbali, kama kokoto zilizopondwa na mtu asiye na subira.

Aliyatazama yale meno, mkono ukahisi uzito wa jiwe.

Mkuu wa maabara aliingia wakati huo huo, akajipepea, akainama kwenye kioo.

"Manganizi!" akasema. "Udongo wa kahawia unayo, lakini huwa unakuja na chuma chake. Hapa chuma kiko wapi?"

"Hakipo, Mkuu."

"Miaka ishirini na sita sijawahi kuona rangi ya namna hii. Kwenye vitabu vyetu haimo, kiwandani haimo. Andika: ni ya nadra mno, na zote mbili zimetoka mlango mmoja. Mvunja tumempata."

"Mkuu, tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

"Rangi hii naijua."

"Umeisoma kitabu gani?"

"Sikuisoma. Niliiponda kwa jiwe."

Mkuu alicheka, akaona mwenzake hacheki, akakoma. Chembe akamweleza yote: betri, ambazo unga wake mweusi ndio manganizi yenyewe, chandarua, pipa la mwenye nyumba, mtaa wa sare. Kwenye vitabu vya maabara rangi ile ilikuwa moja duniani. Pale mtaani hukukosa kuigonga kila ulipobisha hodi. Doa la mtaimbo lingeweza kutoka mlango wowote kati ya milango hamsini, na Mvunja alikuwa akiing'oa milango hiyo hiyo.

Mkuu akaweka faili chini. "Toka kwenye kiti," akasema, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. "Wewe sasa una undugu na ushahidi. Mwenzako ataanza kazi yote upya, na wewe hutagusa hata kibati. Lakini mwanangu, mashine inaweza kusema ni betri. Haiwezi kusema nani alipaka, milango mingapi, lini. Ulikuwa na miaka tisa. Wakili wa serikali atakutafuna na mifupa. Hapa anatakiwa fundi mwenyewe."

Siku iliyofuata alimpeleka mwenzake mtaani kuonyesha milango, yeye mikono nyuma kama mfungwa. Nusu ya nyumba zilikuwa zimeshaondoka. Mahali pa nyumba yao palikuwa na shimo na bomba la maji lililopinda, likivuja. Jiko halikuwepo, ila sakafu yake ilikuwepo bado, na kwenye pembe moja ya saruji kulikuwa na weusi uliogoma kutoka kwa mvua zote za miaka ile. Alisimama hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyodai. Alikumbuka jinsi mikono yake ilivyokuwa haitakati, mwalimu akamrudisha nyumbani akanawe, mama akamsugua kwa ndimu na majivu huku akiimba. Wimbo haukumjia. Ilimjia harufu ya mafuta ya rangi tu, na redio ya jirani, ambayo wenzao waliisikiliza kwa hamu wakitaka habari, na wao wakisubiri lini itafifia wapate betri zake.

Nyumba ya saba ilikuwa bado na mkaaji wake, kikongwe aliyemjua tangu tumboni. Mwenzake alipopiga magoti kuchukua kipande cha rangi, kikongwe akatoka na fimbo.

"Chukua, lakini kidogo!" akafoka. "Si mlango wa kuchezea huo. Ni rangi ya meli. Muulize huyu, baba yake ndiye aliyeokolewa na baharia."

"Ndiyo, bibi," Chembe akajibu.

Walichukua sampuli kutoka milango kumi na mmoja. Jioni akamkabili baba yake. Mzee alikuwa anaosha brashi ambazo hazijagusa rangi kwa miaka sita; aliziosha kila wiki, zisije zikasahau.

"Baba, kuna mtu amefungwa kwa sababu ya rangi yako."

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana."

"Hujasikia? Miezi mitano. Mtoto wake hajamwona."

"Mimi ndiye niliyempa mtaimbo?"

"Hapana, baba."

"Mimi ndiye niliyemwambia apite karibu na ghala?"

"Hapana."

"Basi. Miaka arobaini watu wananipisha njiani, wananiita fundi. Waliobaki mtaani pale nawahesabu kwa vidole, na kila kidole kina mlango wangu. Unataka nisimame mbele ya hakimu niseme niliwapaka takataka za redio? Nife nikiitwa betri?"

"Bora uitwe betri kuliko yeye aitwe mwizi."

Mzee akatia brashi kwenye kopo kwa kishindo. "Umesomeshwa ukawa mkali," akasema, akaingia chumbani. Siku tisa akala peke yake. Alikuwa akibisha mlango wake mwenyewe kutoka ndani kuuliza kama binti ameshatoka sebuleni, ndipo apite. Chembe hakumsihi tena. Aliandika maelezo yake ya miaka tisa na jiwe, akayakunja, akajiandaa kutafunwa.

Asubuhi ya kesi alimkuta mzee amesimama mlangoni na suti ya harusi yake, ambayo ilikuwa imebaki kubwa au yeye amebaki mdogo.

"Unaenda wapi, baba?"

"Wewe hujui vipimo," akajibu bila kumtazama. "Utawaambia unga mwingi, kumbe ni kikombe kimoja kwa kopo. Utaniaibisha."

Mahakama ilijaa watu wa mtaa, kikongwe wa nyumba ya saba mbele kabisa. Mzee alipanda kizimbani akaeleza kazi yake kwa utaratibu mzuri, betri hadi brashi, mpaka hakimu akamwomba apunguze, maana karani alikuwa anaandika na jasho linamtoka.

Wakili wa serikali akasimama. "Kwa hiyo, mzee, unakiri mbele ya watu hawa kwamba uliwadanganya?"

"Nilidanganya jina. Rangi sikuidanganya. Nenda kaiguse."

"Na yule baharia?"

Kikongwe akanyoosha shingo.

"Hakukuwa na baharia," mzee akasema. "Mimi hata kuogelea sijui. Nikiona beseni limejaa nazunguka."

Ukumbi ukalipuka. Kikongwe akapiga fimbo chini akiita, "Ewe fundi mwongo! Nimegusisha wageni wangu meli mpaka kidole kimeota sugu!" Hakimu akagonga, akagonga tena.

"Hilo jina ulilitoa wapi?" wakili akaendelea, akiona ameshampata.

Mzee akashika ukingo wa kizimba. "Ni la mke wangu," akasema. "Rangi ilikuwa haipatikani madukani, mimi nimekaa nyumbani sina kazi, najaribu hivi, najaribu vile. Nilipoikoroga ile ya kwanza nilitaka kuimwaga, niliona haya. Yeye akachovya kidole, akasema, hii ni ya meli. Nikamwambia meli gani, mwanamke? Akasema, ya vita. Akaenda mwenyewe kwa jirani kuinadi. Aliporudi alikuwa anacheka hata akakaa chini. Baharia alimwongeza wiki iliyofuata." Akapangusa mdomo. "Sikuwa na haki ya kumvua nguo marehemu mbele za watu. Ndiyo maana nilikataa. Lakini huyu kijana ana mke naye."

Chembe, nyuma kule, alikuwa hajawahi kusikia hayo. Alimjua baharia maisha yake yote, na hakujua ni mama aliyemzaa.

Mwenzake wa maabara akaleta matokeo: milango kumi na mmoja, tisa kati yake ina zile tabaka nne, na kijivu chenye manganizi bila chuma. Hakimu akauliza kama sayansi inaweza kusema doa la mtaimbo limetoka mlango upi. Mwenzake akasema haiwezi. Ushahidi mwingine wa maana haukuwepo, na Mvunja akaachiliwa alasiri ile. Alitoka mbio hata akasahau mtaimbo wake, na hakuna aliyemlaumu.

Mtaani jina jipya lilifika kabla ya mzee. Fundi Betri. Watu walimcheka wiki mbili, na kikongwe alimnunia tatu, halafu akatuma ujumbe kwamba mlango wake una mchubuko pale walipokwangua, na anataka uzibwe kwa betri ile ile, asiletewe kitu kingine. Mzee alijifanya hakusikia. Lakini siku moja, binti akivaa viatu kwenda kazini, akasema, "Hiyo mashine yenu. Mtu wa kawaida anaruhusiwa?"

Mkuu alimruhusu, kwa kuwa kesi ilikuwa imekwisha. Alimpokea mlangoni na kumpa mkono kama anampokea profesa. Mzee akavua viatu bila kuambiwa. Chembe akaweka vipande vya milango, kimoja kimoja, na kijivu cha baba yake kikaenea kwenye kioo, kipana kama uwanja, kila punje ya betri jabali.

Mzee hakushangaa mashine. Alikagua kazi. "Hapa nilipaka vizuri," akasema. "Hapa pia. Hapa nilikuwa na haraka, pameniponyoka. Nani alikuwa anasaga siku hii? Ona kokoto."

"Mimi."

"Ulikuwa mvivu."

"Nilikuwa na miaka tisa, baba."

Akaweka kipande cha nyumba ya saba. Tabaka la kijivu lilijaa kioo kizima. Chembe akalipima: wakati mengine yalikuwa mikroni hamsini, sitini, na mikroni elfu moja ndiyo milimita, hili lilikuwa mia moja na arobaini, nene kuliko karatasi, na lilipanda na kushuka kama mawimbi.

"Hapa ulifanyaje?" akauliza. "Ulirudia mara mbili?"

Mzee alisogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

"Huu si mkono wangu," akasema. "Wiki ile nililala na homa, na milango ilikuwa na ahadi. Nilipoamka nikakuta mitatu imepakwa. Mama yako alikuwa hajui kukamua brashi. Alipaka kama anapaka siagi kwenye mkate wa mtu anayempenda." Akanyoosha kidole, akafuata wimbi moja toka mwanzo hadi mwisho bila kugusa kioo. "Hapa alianza. Hapa alipumzika. Hapa alichovya tena, tazama alivyozidisha."

Chembe akapeleka mkono kubadilisha sampuli.

"Acha," mzee akasema. "Acha kwanza."

Akaacha. Korido ilikuwa na foleni ya bahasha za kazi tangu asubuhi, na mkuu wa maabara, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akingoja kitu, akavuta kiti akakaa.